Namba ambayo Mama Honorine Asingeisahau

Siku ya Jumatano, saa kumi jioni, Papa Noël alimletea mama Honorine mali yake yote ndani ya mfuko wa sukari, na tangu dakika hiyo mama Honorine hakupata tena raha duniani.

Huyu Papa Noël si yule wa Krismasi, wa ndevu nyeupe. Huyu wa Lubunga hakuwa na ndevu, alikuwa na baiskeli. Tena, tofauti na mwenzake, alipita kila siku na si mara moja kwa mwaka, na alipopita hakutoa kitu bali alichukua. Kazi yake ilikuwa kuwatunzia akiba mama wa soko. Kila mmoja alikuwa na karatasi ngumu yenye vyumba thelathini na kimoja. Unampa kiasi kile kile kila jioni, anatia alama chumba kimoja, na mwezi ukiisha anakurudishia zote isipokuwa ya siku moja, ambayo ndiyo mshahara wa miguu yake. Mama Honorine, muuza samaki wa moshi, hakuwa anachukua mwisho wa mwezi. Alimwambia aendelee kutunza. Miaka mitatu. Watu walisema mzee atatoroka. Mzee hakutoroka, alizeeka tu. Magoti yake yaliikataa baiskeli, akaamua kwenda kukaa kwa mwanawe huko Bangboka, na kabla ya kuondoka akamrudishia kila mtu haki yake.

"Dola mia tisa na makumi mbili, mama. Hesabu."

"Nitahesabu ya nini? Nakuamini."

"Hesabu, mama. Nataka niende na roho nyeupe."

Alihesabu, na hapo ndipo alipokosea. Pesa iliyo mbali ni hadithi tu, lakini pesa iliyo mapajani ina uzito, ina harufu, na inasikika hadi kwa jirani. Papa Noël alipanda baiskeli yake kwa mara ya mwisho, akaanguka kidogo, akaenda zake. Mama Honorine alibaki amekaa juu ya mfuko wa sukari kama kuku juu ya mayai. Alhamisi hakwenda sokoni, kwa sababu hakujua mtu mwenye dola mia tisa kiunoni anatembeaje kama mtu asiye nazo.

Pesa hizo zilikuwa za motor, injini ya mtumbwi. Kwa miaka yote alipanda boti za watu kwenda Isangi na Yanonge kununua samaki, akilipia kila kitunga, akingoja mwenye boti atakapopenda kuondoka, huku samaki wakiharibika na yeye akizeeka. Sasa mzee Assumani wa Opala, aliyechoka na mto, alikuwa anauza motor ya mtumbwi wake. Bei dola mia tisa. Angeishusha Lubunga kwa boti ya mbao, Jumamosi au Jumapili, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Tutafika samedi ao dimanche. Wa kwanza kunipa pesa mukononi, njo mwenye motor." Na mama Honorine alijua vizuri ni nani mwingine aliyeupokea ujumbe huo: Colette, muuza samaki mwenzake, ambaye pesa zake zilikuwa tayari na moyo wake tayari zaidi.

Kwa hiyo ilibidi pesa zilale mahali salama siku mbili au tatu, na zikiitwa zije mbio. Nyumbani haikuwezekana. Nyumbani kulikuwa na Ruphin.

Ruphin alikuwa mdogo wa marehemu mume wake. Tuseme kweli: hakuwa ameiba kitu maishani mwake. Aliomba. Aliomba kwa sauti ya chini, na kwa sababu nzuri: ada ya kikundi cha mpira, mchango wa matanga, kiatu kimoja kilichokatika wakati mwenzake bado mzima. Mchana alibeba vitunga gatini, jioni aliomba. Mama Honorine hakumwogopa Ruphin kama mwizi. Aliogopa kinywa chake mwenyewe, ambacho hakijawahi kumwambia Ruphin hapana kikiwa na pesa karibu.

Ijumaa asubuhi alivuka mto kwenda mjini na binti yake Tania. Huyu Tania alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya masista. Masista walikuwa wamemfundisha kusema ukweli daima, na yeye mwenyewe alikuwa amejifunza namna ya kuuchelewesha. Katika muhula mmoja tu alifaulu kuifanya kengele ya misa ilie saa nane ya mchana, tena siku ya ziara ya askofu. Mama yake alimwacha nje ya benki, kwa usalama wa benki.

Ndani alimkuta kijana aliyeitwa Jean-Marie, mwenye tai ndefu kuliko subira yake.

"Bon, mama. Tuko na comptes mbili za akiba. Ya kwanza iko na kitabu. Hii inazaa vizuri. Lakini kutoa, unakuja wewe mwenyewe, siku ya kazi, na kama ni pesa mingi unatuambia siku saba mbele. Ya pili iko na kadi. Inazaa kidogo sana, na kila mwezi tunakata dola moja. Lakini mashine iko pale inje, na hailalake. Samedi, dimanche, siku ya fête, inakupa."

Mama Honorine alizitazama karatasi mbili kama mtu anayechaguliwa mume kati ya ndugu wawili. Ile ya kitabu ilimvutia. Ilikuwa Papa Noël mwenyewe, bila baiskeli. Ruphin akiomba, angemjibu kwa roho safi: "Banque inakataa mpaka siku saba." Angelala usingizi. Lakini Assumani hangengoja siku saba, na Colette hangengoja hata dakika saba.

"Na kadi ikianguka mu maji?"

"Tunakutengenezea ingine."

"Na courant ya umeme ikikatika wakati mashine imekamata kadi?"

"Tuko na groupe, jenereta kubwa. Inawaka, mama."

"Na mashine ikinipa pesa ya mutu mwingine?"

"Haijafanyaka vile."

"Na mutu akiniomba, mashine inaweza kumuambia hapana?"

Jean-Marie aliweka kalamu chini. "Ile kazi njo inabaki ya wewe, mama."

Hilo ndilo lililomtia baridi. Alifikiria kwa muda mrefu, watu wawili nyuma yake wakakohoa, na mwishoni akaweka kidole juu ya karatasi ya kadi, polepole, kama anayegusa sufuria kujua kama bado ya moto.

Jean-Marie alimpa kimashine kidogo chenye vitufe. "Chagua namba nne. Ya siri. Usichague mwaka ya kuzaliwa, batu wanajua. Usiambie mutu. Na usiandike fasi yoyote. Umesikia? Fasi yoyote."

"Sitaandika."

Basi, mtu akiambiwa achague namba yoyote duniani, namba zote hukimbia. Kichwa cha mama Honorine kilibaki kitupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Aliona jasho lake likianguka juu ya kitufe cha tano. Kisha, kutoka mbali, ikamjia moja, tulivu, ya zamani, namba ambayo asingeisahau hata akiamshwa na homa. Aliibonyeza kwa haraka kabla nayo haijakimbia: tatu, sufuri, saba, moja. Jean-Marie akatabasamu, pesa zikaingizwa, kadi ikatoka, na mama Honorine akatembea hadi mlangoni kama mtu aliyeungama.

Furaha hiyo ilidumu hadi ukingo wa pili wa mto.

Mtumbwi ulipokaribia gati la Lubunga, wabebaji walikuwa wakishusha samaki wake waliotoka Yanonge. Vitunga vinane vilikuwa vimepangwa mchangani, na juu ya kila kimoja, kwa lami nyeusi, kwa tarakimu za urefu wa mkono, iliandikwa 3071. Ni alama ya nyumba yao. Karani wa boti alimpa mama yake namba hiyo zamani sana, ili vitunga vyake visichanganyike na vya wengine, na mama yake alipokufa alimwachia vitu viwili: sufuria kubwa na namba hiyo. Kila mbebaji, kila karani, kila mama wa samaki kutoka Isangi hadi Kisangani aliijua. Mama Honorine alikuwa ametii. Hakuandika siri yake mahali popote. Ilikuwa imekwisha kuandikwa.

"Mama, unaumwa?" Tania aliuliza.

"Apana."

"Umegeuka rangi ya majivu."

"Ni jua."

Foleni ilikuwa imemla siku nzima, na benki ilikuwa imekwisha kufunga hadi Jumatatu. Nyumbani aliificha kadi ndani ya Biblia, akakumbuka kwamba Ruphin husali akikosa pesa, akaitoa. Akaitia chini ya godoro, akaona aibu kwa kukosa ubunifu, akaitoa. Akaitia ndani ya kiatu. Mwishoni aliizika katika kopo la chumvi, akaweka kopo juu ya kabati, akakaa mbele ya kabati. Vitunga vyake vingine, vitupu, vyenye 3071 ile ile, vilikuwa vimeegemea ukuta, vikimtazama.

Ruphin aliingia kwa chakula cha jioni, akanawa mikono.

"Bokilo, shemeji yangu, nasikia uko na kadi ya banque sasa."

"Nani amekuambia?"

"Libongo yote, pale gatini, inasema. Iko rangi gani?"

"Ya nini unataka kujua rangi?"

"Naulizaka tu," Ruphin alisema, akachukua pondu, majani ya muhogo. "Mambo ya rangi haina ubaya."

"Na namba yake, mama, umechagua gani?" Tania aliuliza kwa sauti ya mtoto wa kwaya.

"Tania! Mambo hii haiulizwake!"

Lakini wakati mdomo unakataa, macho yalikuwa na mambo yao. Yalikwenda mara moja ukutani, kwenye vitunga, yakarudi. Tania aliyaona yakienda na kurudi. Akainamisha kichwa na kuomba chumvi. Mama yake akamwambia chumvi imekwisha.

Jumamosi asubuhi mama Honorine alipanda kiti, akafungua kopo, akachimba. Chumvi. Akalimwaga lote mezani. Chumvi tupu. Mkeka wa Ruphin ulikuwa umekunjwa, naye hayupo. Ruphin, ambaye Jumamosi huamka jua likiwa limekwisha choka! Tania naye alikuwa ametoka mapema, kwenda mazoezi ya kwaya, alivyosema. Kwa hiyo hakukuwa na wa kumshika mama Honorine mkono na kumwambia apumue kwanza.

Alikimbia hadi gatini, kitambaa kimelegea kichwani. Colette alikuwa amekwisha fika, ameketi juu ya kigoda chake mwenyewe, mfuko umebanwa kwapani, macho yake mtoni.

"Nakufa!" mama Honorine alipaza sauti. "Batu ya Mungu, Ruphin ameniibia kadi! Ameenda mjini kunimaliza!"

Wabebaji walisimama. Wauzaji wa beignets, yale maandazi, walisimama. Colette hakusimama, lakini aligeuza shingo.

"Pole, mama. Lakini tulia. Kadi bila namba iko plastiki tu. Ruphin anajua namba?"

"Atakosa kuijua namna gani? Anaibebaka juu ya kichwa kila siku!"

 Macho yote yakahamia kwenye vitunga. Mbebaji mmoja, Hemedi, mtu wa polepole, alishusha kitunga kutoka kichwani pake, akakizungusha, akakisoma kwa kidole mbele ya umati.

"Tatu. Sufuri. Saba. Moja." Akainua macho. "Ni hii, mama?"

Mama Honorine aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa amechelewa: siri ilikuwa imekwisha toka. Mtu mmoja nyuma alikumbuka ghafla kwamba ana shangazi mjini. Mwingine akasema naye anavuka.

Ndipo mwisho wa gati, nyuma ya mapipa, pale boti hufungwa, mtu akainuka. Alikuwa Ruphin. Alikuwa amejifunika gunia, nywele zina umande.

"Niko hapa," alisema.



"Niko hapa tangu usiku. Nimekamata fasi, boti ya Assumani ikifika nikalie motor ya bokilo mbele mutu mwingine hajaikalia." Hakumtazama Colette aliposema hivyo, na haikuhitajika. Gatini kuna desturi: mtu akikaa juu ya mzigo, hakuna anayeruhusiwa kuuuza chini ya matako yake mpaka mtumbwi uende mjini na kurudi. Ruphin alisogea, akageuza mifuko yake nje, mmoja baada ya mwingine. Zilianguka karanga mbili na kifungo cha shati. "Hii njo mali nimeiba. Hesabu, mama Tania."

Kabla ya hapo alikuwa akimwita bokilo. Mama Honorine alilisikia hilo vizuri kuliko matusi. Alitaka ardhi ya Lubunga impokee, lakini ardhi ya gati ni mchanga na matope na haipokei mtu haraka.

Wakati huo mtumbwi ulifika kutoka mjini, na mbele yake, amesimama wima kama sanamu ya mtakatifu katika maandamano, alikuwa Tania. Mkono mmoja ulishika kadi, mwingine noti ya dola kumi na kikaratasi cha mashine. Alishuka bila kulowa. Aliukuta umati, akadhani umekuja kwa ajili yake.

"Mama," alianza, kwa sauti ya mahubiri, "mbele ya watu hawa wote ninakiri. Leo saa mbili na dakika kumi na nne nilikuibia dola kumi. Risiti ni hii. Sikuambiwa namba. Niliisoma nyumbani, juu ya vitunga. Nimefanya hivyo kwa upendo, ili uone kwamba mwizi angeweza..."

Hapo aliuona uso wa mama yake, kisha mifuko ya Ruphin iliyoning'inia nje kama ndimi, kisha karanga mbili mchangani. Mahubiri yakaishia hapo. Kwa mara ya kwanza likizo ile alifanana na umri wake.

Mama Honorine alikuwa amekwisha vua kandambili. Mkono ulikuwa juu. Kutoka kwenye kona ya mto, boti ya mbao ikapiga honi.

"Mama Tania," Ruphin alisema, bila haraka. "Utamupiga sasa, ao utaenda ku mashine kubadilisha namba? Batu wote hapa wanajua kusoma. Hata Hemedi."

"Nasoma polepole," Hemedi alijitetea.

Kadi ilikuwa katika mkono wa Tania, benki imefungwa, nusu ya gati inajua siri, boti inafika, na mtu pekee wa kumlindia motor alikuwa yule aliyemwita mwizi kwa sauti ya kufika Isangi. Kandambili ikashuka. Mama Honorine alisogea hadi kwa Ruphin.

"Ruphin. Utakaa juu yake? Ata baada ya ile nimesema?"

Ruphin alirudisha mifuko yake ndani, mmoja, kisha wa pili.

"Enda," alisema. "Na urudi mbio. Matako ya mutu iko na mwisho."

Mto haukuwahi kuwa mpana vile. Mama Honorine alikaa katikati ya mtumbwi, kadi ndani ya ngumi, ngumi ndani ya kitenge. Mbele yake walikaa vijana wawili wa gatini waliokwenda, walisema, kumtembelea shangazi. Walikuwa wakitazama mawingu kwa bidii. Nyuma yake alikaa Tania.

Walipofika nchi kavu alikimbia, na wale vijana hawakuthubutu kukimbia, maana hakuna anayemkimbilia shangazi hivyo. Mlangoni pa mashine alimgeukia binti yake.

"Wewe. Simama pale ng'ambo. Tazama ukuta."

"Mama, mashine inauliza kwa Kifaransa, nikusaidie ku..."

"Ukuta!"

Tania alitazama ukuta. Ndani, mama Honorine aliingiza namba ya mama yake kwa mara ya mwisho, na mashine ikamfungulia, kama ingemfungulia mtu yeyote wa mto. Akaisoma skrini herufi kwa herufi. Akachagua: badilisha namba ya siri. Iliuliza mpya mara mbili.  Namba zilifanana, na mashine ikakubali. Kisha akaomba dola mia tisa. Ikanyamaza. Ikasaga kitu tumboni mwake kwa muda ambao mtu anaweza kukumbuka dhambi zake tangu ubatizo. Ikatoa zote.

Walipokuwa wakirudi, tokea mbali aliona watu wamezunguka kitu. Boti ilikuwa imefungwa. Juu ya motor, iliyolazwa mchangani na kufunikwa gunia, alikaa Ruphin, mikono kifuani. Colette alikuwa amesimama juu yake, akijipepea kwa noti zake za dola. Mzee Assumani alikuwa pembeni anakula ndizi, mtu asiye na haraka, kwa kuwa kwa namna yoyote ile angelipwa.

"Mwambie asimame, mzee," Colette alikuwa akisema. "Pesa hii hapa, iko moto."

"Mutumbwi haujarudi," Assumani alijibu, mdomo umejaa.

"Umerudi!" mama Honorine alipiga kelele, akashuka kabla mtumbwi haujagusa mchanga, akalowa hadi magotini. Alimwekea mzee pesa mkononi. Mzee alizihesabu mara mbili, kwa vidole vyenye ndizi, na Colette akakunja kigoda chake.

"Sasa simama, Ruphin," mama Honorine alisema.

Ruphin hakusimama.

Mama Honorine alielewa. Alivuta pumzi, akageuka kuwatazama watu walewale, wabebaji, mama wa beignets, Hemedi. "Asubuhi nilisema Ruphin ni mwizi. Nilisema uongo. Alilala inje kwa ajili yangu. Munisamehe, na yeye anisamehe."

"Hemedi hajasikia," Ruphin alisema.

"Nimesikia," alisema Hemedi.

"Sema tena, bokilo."

Alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na hapo Ruphin akainuka, akajikung'uta. Tania alipewa adhabu palepale: kubeba vitunga vyote vinane hadi nyumbani, kichwani, likizo nzima, kila boti itakapofika. Alikubali kwa heshima. Alimwokotea tonton Ruphin karanga zake mbili, akazifuta mchanga, akamrudishia.

Jumatatu motor ilifungwa kwenye mtumbwi. Ruphin, ambaye sasa alikuwa dereva, alikuja na kopo la lami na kijiti.

"Tuandike namba gani mbele?"

Mama Honorine alisita. "Ile ile. Ya vitunga."

"Hauogopi?"

"Ile sasa haina kitu. Andika kubwa."

Ruphin aliandika 3071, tarakimu za urefu wa mkono. Tania aliweka kitunga cha nne chini, akapumzika kidogo, akamtazama mama yake. Mama Honorine alikuwa amekaa nyuma ya mtumbwi, macho mtoni, na midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu, kama anayesali: namba nne, tena, na tena, asije akazisahau. Tania alisogea hatua moja ili aone vizuri.

Mama akafunga mdomo, akamgeuzia mgongo.